Mawe ya Shemeji Suluhisho

Mkemia alimdharau mume wa mdogo wake tangu siku ya kwanza kumtia machoni, wala hakuona haja ya kuificha dharau hiyo. Kijana alikuwa ameletwa nyumbani kujitambulisha, amevaa suti ya kuazima iliyombana kwapani. Baba wa mabinti alipomuuliza anafanya kazi gani, akajibu bila kupepesa macho, "Mzee, mimi natoa suluhisho."

"Suluhisho la nini?"

"La tatizo lolote mtakalokuwa nalo."

Baba alicheka mpaka akakohoa, mdogo mtu akaona fahari, na jina likamganda palepale. Tangu hapo hakuna aliyemwita vingine ila Suluhisho. Mkemia peke yake hakucheka. Alimtazama kuanzia viatu hadi utosi, kama anavyotazama sampuli iliyoletwa kwenye chupa chafu, akaamua kwamba kichwa kile ni maji matupu.

Miaka iliyofuata haikumpa sababu ya kubadili mawazo. Suluhisho aliuza sabuni ya maji isiyotoa povu. Akauza mafuta ya kuotesha nywele, na huku yeye mwenyewe ana upara wa kujitazamia. Akanunua mashine ya kuangulia vifaranga, ikachemsha mayai. Vifaranga wachache walionusurika walikua wakanuka, majirani wakaja juu, na rafiki yake mmoja akamletea magunia ya vijiwe vya rangi ya majivu, vya kumwaga bandani kuua harufu. Harufu ikafa kweli. Kuku nao wakafa, kwa ugonjwa wao mwingine, na magunia yaliyobaki yakarundikwa nyuma ya nyumba.

Kila biashara yake ilianza kwa bango na kuishia kwa kimya.

"Na sasa hivi mheshimiwa anauza nini?" Mkemia alikuwa akimuuliza mdogo wake kwenye simu, akilivuta lile neno mheshimiwa mpaka linaota mkia. Mdogo wake, fundi wa kushona aliyeilisha nyumba kwa cherehani, aliguna tu na kugeuza mazungumzo.

Mkemia alifanya kazi kwenye maabara ya maji ya manispaa. Hakuwa na mume wala mtoto, na alipenda vitu vikae mahali pake. Wenzake walimwogopa kwa ulimi. Aliwadharau waliogusa mdomo wa chupa kwa vidole, akawadharau waliokadiria badala ya kupima, na zaidi ya wote alimdharau mkuu wa maabara, bwana mwenye tai pana na sahihi nzuri, ambaye kusoma alichokitia sahihi hakukuwa sehemu ya kazi yake. Huyo ndiye aliyekuwa ameikalia ripoti yake.

Ripoti yenyewe ilihusu mtaa aliokaa mdogo wake. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari ili kupata madini ya risasi yaliyomo ndani yake, na maji machafu ya kiwanda yalikuwa yakizama ardhini tangu wakazi wengi wa hapo wakiwa watoto. Mkemia alipima pampu za mkono za mtaa mzima, akakuta risasi katika kila moja. Risasi ikiwa majini haina rangi wala harufu. Mtu anainywa kama maji mengine, na mwili hauna habari ya kuitoa. Kwa mtoto mdogo inakwenda moja kwa moja kwenye akili. Aliyaandika hayo kwa lugha nyepesi ambayo hata mkuu wake angeielewa. Mkuu akasema linafanyiwa kazi. Kazi iliyofanyika ni pampu kupakwa rangi nyekundu, na watu wakaendelea kuteka kwenye pampu nyekundu, kwa sababu nyingine hazikuwepo.

Hapo ndipo Suluhisho alipouona mlango.

Alichukua ndoo mbili za plastiki, akazipandanisha, akatoboa matundu kwenye kitako cha ile ya juu, akaijaza vijiwe vya banda la kuku alivyovisuuza vizuri. Maji unamimina juu, yanachuja, unakinga chini. Mkemia alipoiona ndoo ya kwanza jikoni kwa mdogo wake, aliokota kijiwe kimoja, akakinusa.

"Haya si yale mawe ya kinyesi cha kuku?"

"Ni mapya, Shemeji. Gunia lilikuwa halijafunguliwa," Suluhisho akasema. "Mimi nilifikiria hivi: kama yalimaliza ile harufu, na unakumbuka ilivyokuwa, yatashindwa na maji?"

"Umefikiria."

"Nilikaa nikafikiria, ndiyo."

"Pole," Mkemia akasema.

Kabla ya kuondoka alijaza chupa mbili, moja kwa maji ya pampu na nyingine kwa maji yaliyotoka kwenye ndoo. Nia yake ilikuwa moja tu, kumuumbua. Alikwisha kuona kichwani karatasi ya majibu ikiwa mezani siku ya Jumapili, mbele ya watu wanaokula, na uso wa Suluhisho ukishuka polepole.

Asubuhi iliyofuata aliwasha mashine, akapima maji ya pampu. Risasi ilikuwepo, nyingi kama zamani. Akapima ya ndoo, na sindano ya mashine ikabaki imelala.

Aliona amekosea. Akaosha vyombo kwa asidi, akapima tena, sindano haikuinuka. Akamtuma dereva wa maabara akalete maji mengine kutoka ndoo ileile pamoja na vijiwe vichache, akapima kwa mara nyingine huku amekaza meno. Risasi ilikuwa imekwenda, karibu yote, na kadmiamu, sumu nyingine iliyokuwemo kidogo, nayo imepungua. Alichukia. Kwa miaka yote kazini hakuwahi kuchukizwa na maji safi namna ile.

Akakivunja kijiwe kimoja, akakitazama chini ya hadubini, akakitambua. Ilikuwa zeolaiti, aina ya jiwe linalozaliwa na majivu ya volkano yaliyolowa maji kwa karne nyingi. Ndani lina vijumba vidogo mno visivyoonekana kwa macho, na katika kila kijumba mmekaa kitu chepesi mfano wa chumvi. Maji yenye risasi yakipita, jiwe linaifungulia chumvi itoke, linaikaribisha risasi iingie, na mlango unafungwa. Alikuwa ameyasoma hayo zamani, na katika ripoti yake alikuwa ameomba mawe kama hayo yaagizwe kutoka mbali. Kumbe yalikuwa nyuma ya nyumba ya mdogo wake, chini ya bango la mafuta ya nywele.

Hata hivyo alikuwa mtu wa kweli. Jumapili alikwenda, akakaa mezani, akasema kama mtu anayetema mfupa, "Yanafanya kazi."

Suluhisho aliruka kutoka kwenye kiti. "Nilijua! Mama Chiriku, umesikia? Dada yako mwenyewe kasema! Nilijua!"

"Hukujua. Ulibahatisha."

"Kubahatisha nako ni kipaji, Shemeji."

Binti yao, mtoto wa chekechea, alikuwa chini ya meza akizungumza na kijiko. Alikuwa haishi kusema tangu anaamka hadi anasinzia, ndiyo sababu wakamwita Chiriku. "Mama Mkubwa kasema yanafanya kazi," akamwambia kijiko. "Baba karuka."

"Ila yana mwisho," Mkemia akaendelea. "Vile vijumba vikijaa, jiwe limeshiba. Maji yatapita na risasi yake kama kawaida, na wewe utakuwa unauza ndoo ya kokoto."

Uso wa Suluhisho ulishuka sasa, ingawa si kwa namna Mkemia aliyoipanga. "Yakishiba nanunua mengine? Yule rafiki yangu alishahama."

"Si lazima. Unaweza kuyaosha kwa maji ya chumvi kali. Chumvi inarudi ndani, risasi inatoka, jiwe linaanza upya."

"Chumvi gani? Hii hii ya jikoni?"

"Hiyo hiyo. Lakini sasa yale maji ya..."

"Chumvi!" Suluhisho alikuwa ameshasimama tena. "Ya jikoni! Mke wangu, sisi tumetoka! Nikusanye ndoo zao, niyaoshe, niwarudishie, na mteja hanitoki mpaka kufa!"

"Nisikilize. Maji yale uliyooshea..."

Suluhisho aliinua kiganja, kwa upole kabisa, vile mtu anavyomzuia mtoto anayetaka kukatiza wakubwa. "Shemeji, hapo hapo panatosha. Sayansi ikizidi inachosha wateja."

Mkemia alikitazama kile kiganja. Alikuwa na sentensi nzima mdomoni: kwamba maji ya kuoshea yanabeba risasi yote iliyokusanywa na kila ndoo, kwamba hayo sasa ni sumu kali kuliko ya pampu, kwamba yawekwe kwenye pipa, yatiwe chokaa ili risasi itulie chini kama tope, na tope lile lifungwe na kupelekwa linapostahili. Haikuwa habari ndefu. Ingechukua muda wa kumaliza kikombe cha chai. Akaimeza. Alichukua mkoba, akamuaga mdogo wake kwa busu la shavuni, akatoka, na njiani alijisikia vizuri. Asiyetaka kusikia asisikie, alijiambia. Mtu wa namna ile hata ukimwandikia ukutani atauliza rangi umenunua wapi.

Biashara ilipamba moto. Ndoo za Suluhisho zilienea mtaa mzima, na mara hii watu hawakurudi kulalamika, maana maji yalikuwa maji. Akashonewa na mkewe koti jeupe. Akaongeza kalamu mfukoni, mbili. Siku moja Mkemia akiwa kazini, redio ya ofisi ya mapokezi ikafunguliwa kwa sauti, na alichosikia kilimfanya aweke chupa chini.

"Jiwe hili ni hai," Suluhisho alikuwa akiwaambia wasikilizaji. "Linakula. Linakula sumu, linashiba, linapumzika, linakula tena. Mimi nimelichunguza kwa miaka mingi."

"Mtaalamu, umesomea wapi haya?" mtangazaji akauliza.

"Nimesomea mahali pengi."

Wahudumu walicheka hadi machozi. Mkuu wa maabara hakucheka. Alitoka ofisini ameweka mikono kiunoni, akasema, "Hawa ndio watu tunaowahitaji. Anajituma. Tumwalike azungumze na idara." Ripoti ya Mkemia ilikuwa bado kwenye meza yake, chini ya sahani ya biskuti. Mkemia akamwambia kwamba akija huyo mtu kuzungumza, yeye ataomba likizo ya ugonjwa, na ugonjwa atautafuta.

Alikoma kwenda kwa mdogo wake. Hakugombana na mtu. Jumapili ilifika akajikuta ana kazi, na iliyofuata vilevile. Mdogo wake alipopiga simu, alimjibu kwa mkato.

"Dada, Chiriku hali chakula."

"Mpunguzie biskuti."

Baadaye tena: "Dada, tumbo linamsumbua. Choo hapati. Na amekuwa na hasira, jana kampiga mwenzake shuleni kwa kiatu."

"Mnamdekeza. Baba yake akiishi kama mfalme wa redio, unategemea mtoto awe nani?"

"Mwalimu anasema amesahau nyimbo," mdogo wake akaendelea. "Alizozijua zote. Na haongei, Dada. Chiriku haongei."

Hilo lilimfikia. Kesho yake aliomba ruhusa kazini, akapanda basi la asubuhi. Njiani alipanga la kusema: wampeleke hospitali, wapime minyoo, wapime damu, waache kumtibu kwa maoni ya majirani. Alifika, akakuta mlango wa mbele wazi na cherehani limefunikwa. Akasikia maji nyuma ya nyumba, akapitiliza.

Ua wa nyuma haukuwa ule aliouzoea. Palipokuwa na banda la kuku sasa palipangwa mabeseni makubwa, na ndani ya kila beseni kulikuwa na mawe ya ndoo za wateja yakilowa kwenye maji ya chumvi. Suluhisho, ndani ya koti lake jeupe na mabuti ya mvua, alikuwa akiyakoroga kwa mti. Alinyanyua beseni moja, akalimwaga pale pale chini, taratibu, kama mtu anayemwagilia bustani. Ardhi ilikuwa tope jeusi katikati, na pembeni, lilipokauka, ilikuwa imefanya ukoko mweupe wa chumvi. Majani hayakuota tena.

Kando ya tope alikaa Chiriku, miguu peku. Alikuwa akitengeneza keki. Alifinyanga tope kwenye kifuniko cha chupa, akalibandua, akalipanga kwenye ubao, kisha akajilamba vidole, maana tope lile lilikuwa na chumvi na mtoto alikuwa amegundua utamu wake. Weupe ulimkauka pembeni mwa midomo.

Mkemia aliyaelewa yote kabla mkoba haujagusa chini.

"Shemeji!" Suluhisho akafurahi. "Umekuja kuona kiwanda! Tazama, yote yanajiendesha. Ulivyosema chumvi, basi ni chumvi kweli."

"Haya maji unamwaga hapa tangu lini?"

"Tangu nilipoanza kuosha. Ardhi inakunywa yote, haibakizi. Ni chumvi tu."

Mkemia hakumjibu. Aliliruka tope, akamnyanyua mtoto, ambaye alikuwa mwepesi kuliko alivyopaswa kuwa na ambaye hakuuliza kitu. Akamwita mdogo wake kwa sauti ambayo hakuna aliyewahi kuisikia kwake. Walimwosha mikono na mdomo, wakambadilisha nguo, wakampeleka hospitali kubwa. Kabla ya kutoka Mkemia aliinama, akachota tope kwenye mfuko wa plastiki, akafunga fundo.

Tope lile, alipolipima jioni hiyo, lilikuwa na risasi nyingi kuliko udongo wa getini pa kiwanda. Miezi ile yote ndoo za mtaa zilikuwa zimefanya kazi yao kwa uaminifu. Zilikusanya sumu kutoka kila nyumba, na Suluhisho akaibeba kwa mkokoteni, akaja kuimwaga yote mahali pamoja, hatua chache kutoka kitandani kwa mwanawe.

Damu ya mtoto nayo ilijibu vivyo hivyo. Daktari, mwanamke mnene aliyechoka, aliwaeleza kwamba atalazwa na kupewa dawa inayoikamata risasi ndani ya damu na kuitoa kwa mkojo. "Inasaidia," alisema. "Lakini kitu cha kwanza ni asirudi pale inapotoka. Mnajua inatoka wapi?"

"Tunajua," Mkemia akasema.

Walikaa kwenye benchi la ukumbini, dada na mdogo mtu, mtoto amelala ndani na dripu mkononi. Kwa utulivu, maana sasa alikuwa na mtu wa kumsikiliza, Mkemia alieleza kila kitu: vijumba, chumvi, maji ya kuoshea, pipa, chokaa, tope. Alieleza vizuri sana. Alipomaliza akaongeza, "Mumeo ni mjinga wa kutisha. Mtu anamwaga risasi mlangoni kwake kwa mikono yake mwenyewe. Nimekuwa nikikwambia tangu siku ile ya suti."

Mdogo wake alikuwa akitazama sakafu na viatu vya watu. "Hayo ya pipa na chokaa," akasema, "umeyajua leo?"

"Yanajulikana siku zote. Yamo vitabuni."

"Kwa hiyo ile Jumapili ulikuwa unayajua."

"Nilianza kusema. Alinikatiza, ulimwona. Aliniwekea kiganja."

"Nilimwona." Akageuka sasa, na uso wake haukuwa na machozi. "Ukanyamaza."

"Hakutaka kusikia."

"Na mimi je? Mimi nilikuwa nimekaa pale. Nilikataa kusikia? Simu zote nilizokupigia, ulikosa nafasi ya kuniambia neno moja: 'Mdogo wangu, maji yale msimwage ovyo'?" Sauti yake haikupanda. "Yeye hajui. Hilo halina siri, hajui kitu, na kila mtu anajua hajui. Wewe ulijua, Dada. Ulijua ukachukua mkoba wako."

Mkemia aliusukuma mkoba wake chini ya benchi.

Wakati huohuo Suluhisho akatokea mwisho wa ukumbi. Alikuwa amekuja mbio, hakuvua koti lake jeupe, na bibi mmoja aliyekuwa amembeba mjukuu alimshika mkono na kumwomba, "Daktari, tafadhali mtazame na huyu, anaungua." Suluhisho, Mungu amsamehe, alimwekea mtoto mkono kwenye paji la uso, akasema, "Mpe maji mengi," ndipo akaja kwao. Mkemia alishuhudia yote hayo, na dharau ilimpanda. Lakini haikumfaa kitu.

"Yuko wapi?" Suluhisho aliuliza. Mkewe akamwonyesha mlango. Alichungulia kwenye kioo, akamwona mwanawe alivyo mdogo katika kitanda kile. Alikaa sakafuni, akaegemea ukuta, koti limejaa matope ya chumvi. Alilia kwa kwikwi kama mtoto, bila aibu, watu wakipita.

"Lakini mawe yanafanya kazi," alimwambia Mkemia katikati ya kwikwi. "Shemeji, si ulisema mwenyewe yanafanya kazi?"

"Nilisema," Mkemia akajibu.

Siku iliyofuata aliingia ofisini kwa mkuu bila kubisha hodi. Akaiondoa sahani ya biskuti, akaitoa ripoti, akaweka juu yake majibu ya tope na ya damu, akasimama. Mkuu alisema linafanyiwa kazi. Mkemia akasema atasimama hapo hapo mpaka lifanyiwe. Mkuu alipokea simu, alikunywa chai, alizungumza na mgeni, naye yupo. Mwishowe bwana yule akasaini, bila kusoma, amri ya lori na vibarua, na hiyo ikawa mara ya kwanza sahihi yake nzuri kumfaa mtu. Ua ukachimbwa mpaka udongo mwekundu wa chini ukaonekana, tope likapakiwa kwenye mapipa yenye vifuniko na kupelekwa kwenye shimo lililojengewa la taka za sumu. Suluhisho alichimba pamoja na vibarua. Mkemia, aliyesimama pembeni na vifaa vyake vya kupimia, aligundua kwamba yule mtu anachimba vibaya na anachimba bila kupumzika.

Ndoo zilibaki. Mtaa haukuwa na maji mengine, na mawe yalikuwa yanashiba. Aliyeichukua kazi hiyo ni mdogo mtu. Alikodi kibanda mbali na nyumba, akamwaga sakafu ya saruji yenye ukingo, akaweka mapipa. Hakumwomba dada yake kitu. Maswali alimpa mumewe ayaulize kwa simu, na Suluhisho aliyauliza kwa kuyachanganya kiasi kwamba Mkemia ilimbidi aende mwenyewe. Tangu hapo akawa anakwenda kila Jumamosi. Alivaa glavu na aproni, akakoroga, akapima. Mdogo wake alimwagiza kama anavyoagizwa kibarua: shika pale, inua, si hivyo. Chai ikiletwa, kikombe chake kilikuwepo, lakini hakuna aliyemkaribisha kukaa. Alikunywa amesimama.

Suluhisho hakuiweza kazi ile. Ilikuwa ya polepole, haina bango. Kabla mtoto hajamaliza dawa alikuwa ameshaanza kuuza taa za nguvu ya jua, na ya kwanza aliyoiwasha iliwaka mchana tu.

"Kwa nini unakaa naye?" Mkemia alimuuliza mdogo wake Jumamosi moja, akijua hana haki ya kuuliza.

Mdogo wake alifikiri huku akikung'uta mawe. "Ananichekesha," akasema. "Na akikosea halali. Wewe ukikosea unalala?"

Chiriku alirudi nyumbani. Alianza kula, akaacha kupiga watu kwa viatu. Maneno yalirudi machache machache, na nyimbo baadhi. Kila alipopelekwa kupimwa alimng'ata muuguzi, na daktari alisema hiyo ni dalili nzuri. Alipoulizwa kama akili yake itakuwa vile ambavyo ingekuwa, daktari alisema hilo hakuna kipimo kinacholijibu, watamwona akikua. Mkemia, ambaye maisha yake yote alidharau watu wasio na majibu kamili, alimshukuru, akatoka.

Siku ya majibu ya mwisho mdogo wake alipiga simu mwenyewe, hakumtuma mumewe.

"Imeshuka, Dada."

"Imeshuka kufikia ngapi?"

Akamtajia. Bado ilikuwa juu kuliko inavyotakiwa, ila chini sana ya mwanzo. Mkemia aliiandika namba ile na tarehe yake.

"Chokaa imekwisha," mdogo mtu akasema. "Kesho uje mapema, upitie dukani. Baba Chiriku atakusaidia kubeba."

Walikutana kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Suluhisho alikuwa amefika kabla yake, ameegemea kaunta, anamweleza mwenye duka namna chokaa inavyoikamata risasi majini na kuilaza chini ya pipa. Alieleza kwa usahihi, jambo lililomkera Mkemia zaidi kuliko kama angekosea.

"Hii mbinu," Suluhisho akamalizia, "niliigundua mimi baada ya utafiti mrefu."

Mwenye duka akamtazama kwa heshima. Mkemia alilipa, akamsubiri shemeji yake ainame, akamtwika mfuko wa kwanza begani. Kisha, Suluhisho akiwa bado anasema, akamwongeza wa pili.